Kata ya Kibuyu Mlangoni

Jumapili, mvua ya kwanza

Leo mvua imenyesha Bahi. Wingu lilitoka upande wa Manyoni tukiwa bado kanisani, jeusi kama chungu cha kuchemshia chumvi, na mwinjilisti akafupisha mahubiri, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sasa imekatika. Vyura wanaimba mbugani, jua limerudi kidogo kabla ya kuzama, na mimi nimetoa kigoda nje nipate mwanga wa kuandikia.

Nimechoka. Lakini moyo wangu ni mweupe.

Naandika kwa sababu najua kuandika. Wanawake wa rika langu hapa kijijini wanaojua ni wa kuhesabu, na mimi nilifika darasa la nne, na mwandiko wangu mwalimu aliupitisha kwa wenzangu wauone. Sijisifu, nasema lililokuwako. Na jambo la leo likibaki kichwani tu, kesho nitaanza kujiuliza kama kweli lilitokea.

Ni jambo la binti yangu, Sechelela. Jina hilo kwetu Wagogo ni furaha. Ni mwanamke mzima sasa, mrefu kuliko mimi, na shingo yake aliichukua kwangu. Tangu akiwa mdogo hapendi kushikwa. Ukimwita hageuki, lakini treni ikiwa mbali kabisa yeye ameshaziba masikio, na mbwa bado wamelala. Mlenda wake anaula katika bakuli lile lile, amekaa upande ule ule wa mkeka. Akisema neno, amesema kilichopo, hazunguki. Wako waliomwita bubu, na wako waliosema amerogwa. Mimi nasema yuko alivyo, na alivyo namjua.

Tena ana kazi mikononi. Wanawake wote wa hapa wanapika chumvi ya mbugani, sikatai. Lakini chumvi ya wengine ukiitia mbogani unasikia mchanga kwenye meno. Sechelela anakwangua udongo wake taratibu, anautia kwenye kichujio, anaumwagia maji kwa kata yake ya kibuyu, kata moja hiyo hiyo miaka yote, na maji yakidondoka anayatazama mpaka yamekuwa safi kama jicho la ndama. Ndipo anachemsha. Hata Mhindi mwenye duka pale stesheni, ambaye husifu vitu vyake tu, chumvi ya binti yangu huiweka mbele.

Mwanzo wa kiangazi nilikaribia kumpoteza.

Ilianza na neema, au ndivyo tulivyodhani. Watu wa Hombolo walileta habari za posa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akahamia hapa kumwandaa. Wifi ni mtu wa kazi, anaamka kabla ya jogoo na anaanza kusema kabla ya kuamka. Akamwambia Sechelela, mtazame mtu machoni. Cheka wenzako wakicheka. Usitikise mikono. Usiende mbugani, ngozi itapauka. Na Sechelela akafanya yote. Alicheka kila tulipocheka. Wageni walipokuja aliwatazama machoni mmoja mmoja kama anayewasoma, akawapa maji kwa magoti.

"Si unaona, wifi?" dada huyo wa mume akaniambia. "Alikuwa hajapata mtu wa kumnyoosha."

Nami nilitembea naye kanisani kifua mbele.

Kisha siku moja mchana tumekaa tunakula, akasema, "Mama, sitaki kuendelea kuwapo. Nimechoka kuwa mtu mwingine." Alisema kwa sauti ile ile anayoniambia kwayo kwamba chumvi imekauka. Hakulia. Alimega tonge, akalichovya.

Wifi akacheka. "Anayetaka kufa hulia. Huyu anamega ugali."

Nami nilitaka sana wifi awe amesema kweli.

Lakini siku ya pili yake nilikwenda kwa jirani kuomba moto, nikaiona kata ya kibuyu imetundikwa ukutani kwake. Kata ambayo hata mimi niliyemzaa siruhusiwi kuigusa. Nikamuuliza jirani imefikaje. "Sechelela amenipa," akasema. "Kasema hataihitaji tena." Moto sikuuchukua.

Nikarudi nikamwambia wifi ninampeleka hospitali ya misheni. Akasimama mlangoni. Eti nikisema neno hilo mbele ya watu, askari wa boma watakuja, maana kwa sheria ya Waingereza anayetaka kujitoa roho ana kesi. Na tena, akasema, sisi hatumtaji mtoto aliye hai pamoja na kifo. "Jambo likitajwa, limealikwa."

"Basi limeshajialika lenyewe," nikamwambia, "maana liko nyumbani na linakula ugali wetu."

Nikapita.

Mhindi alikuwa anapeleka magunia kwa lori lake. Hakuniuliza kitu, akasema tu, "Mama Seche, panda mbele, binti asipigwe jua." Njia nzima Sechelela aliziba masikio, na dereva alipofika penye ng'ombe alisimamisha gari akashuka kuwaswaga, asipige honi. Wema kama huo unaupokea tu, hujui hata umshukuru vipi mtu.

Pale hospitali watu walikuwa wamejaa, watoto wanalia, dawa inanuka mpaka kichwani. Dresa mmoja, msaidizi wa daktari, alikuwa mezani.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi," akasema Sechelela.

"Homa?"

"Hapana."

"Tumbo?"

"Hapana."

"Mama, umemleta mzima. Haya, mwingine."

Kila alichojibu kilikuwa kweli. Hana homa, tumbo halimuumi, angesema nini? Nikamwambia, "Bwana dresa, muulize vizuri." Akasema, "Nimemuuliza Kiswahili, sasa nimuulize Kizungu?" Benchi lote likacheka. Na pale pale mtu akaangusha sinia la vyuma.

Sechelela akakaa chini. Akaanza kuyumba mbele na nyuma, mikono masikioni. Wanaume wawili wakamshika, mmoja huku, mmoja huku, yeye asiyeshikwa hata na mama yake, na alipiga kelele ambayo sitaki kuisikia tena. Dresa akasema ni kichaa, leteni shuka afungwe, apelekwe kwa wenziwe mjini.

Hapo akaja nesi, mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, jina lake Damari. Hakupaza sauti.

"Mwachieni. Watu wawili wakinishika hivyo hata mimi nitapiga kelele."

Wakamwachia. Nesi Damari hakumgusa. Alitangulia akafungua mlango wa stoo ya mablanketi, akangoja hapo kama mtu anayengoja ndama aamue kuingia zizini. Sechelela akaingia mwenyewe. Mle ndani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya sabuni, na ukifunga mlango husikii watoto. Nesi akaketi sakafuni, kwa ubavu, bila kumtazama usoni. Akaniuliza mimi nyumbani hutulia kwa kitu gani. Nikasema hujifunika ngozi ya ng'ombe, ile nzito. Akamuuliza Sechelela, "Nikuwekee mablanketi?" Akangoja. Sechelela akaitikia kwa kichwa, na nesi akampangia moja juu ya jingine mpaka ikabaki pua tu.

Tukakaa. Mimi kukaa bila kusema ni kazi ngumu kuliko kupura mtama, lakini nilikaa.

Kisha nesi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sasa atamuuliza, na atamuuliza waziwazi. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Nesi, nakuomba, usimtajie mwanangu neno hilo. Utampa."

"Mama, neno hilo analo tayari, na amelibeba peke yake. Acha tulishike upande mmoja."

Akamgeukia kidogo. "Sechelela, unataka kufa?"

"Ndiyo."

Ilikuwa nyepesi hivyo. Kama mtu aliyengoja siku zote aulizwe swali lenye jibu.

"Leo?"

"Siku wageni watakaporudi."

"Kuna kitu kingefanya usitake?"

Alifikiri muda mrefu sana. Nesi hakumsukuma. Nami nilikuwa nimeuma kanga yangu kwa meno.

"Nirudi kwenye chumvi," akasema. "Na shangazi asiniambie nicheke."

Nililia pale kwenye mablanketi ya misheni, na Sechelela akasema, "Mama analowesha." Nesi akacheka, na mimi nikacheka ndani ya machozi, na yeye hakucheka, na hakuna aliyemwambia acheke.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, sote tulimwita Bibi Daktari, mrefu mpaka akainama mlangoni. Nikamwambia kuhusu askari wa boma, maana hofu hiyo ilikuwa bado imenikaba. Akasema, "Hapa hakuna askari. Huyu ni mgonjwa wangu, na mgonjwa hulala kitandani, halali gerezani." Tukapewa kitanda cha pembeni kabisa, kilichopakana na ukuta, mimi chini kwenye mkeka. Hakufungwa shuka hata siku moja. Yule dresa asubuhi moja alileta kikombe cha maji, akakiweka ukingoni mwa dirisha, akarudi nyuma hatua kadhaa ili Sechelela akichukue mwenyewe. Hakusema pole. Lakini kikombe kile mimi nilikihesabu kuwa pole.

Kabla ya kuondoka nesi Damari alikaa na Sechelela wakapanga. Nesi alisema, siku zikiwa mbaya maneno ya Sechelela huwa yanakatika, kwa hiyo tusingoje maneno. Atafanya nini ili mama ajue? Sechelela akachagua mwenyewe: atatundika kata kwenye kigingi cha mlango. Kata ikiwa juu, mimi naacha kila kitu nilichoshika. Siulizi kwa nini. Simgusi. Nampa ngozi yake, namtoa penye kelele, nakaa kati yake na mlango mpaka atulie. Kisha namuuliza swali lile, kwa maneno yale yale, bila kulifunika. Akisema ndiyo, tunakwenda hospitali, na tunapita mlango wa nyuma, si kwenye benchi. Na vitu ambavyo nesi alisema visikae karibu naye, baba yake alivitoa nyumbani tukiwa bado kulekule.

Baba yake ni mtu wa genge la reli. Hana maneno mengi, na sasa nadhani najua Sechelela alikoutoa ukimya wake. Aliwarudisha watu wa Hombolo kwa heshima, na dada yake alipofoka akamwambia, "Binti yangu si ndama wa mnadani, apelekwe kutazamwa meno." Wifi akarudi kwake, akanuna.

Kata nilikwenda kuidai kwa jirani. Kiangazi chote Sechelela alikuwa mbugani na chumvi yake, nami nikapata usingizi tena.

Sasa nifike leo, na nifike kwenye bati langu.

Wote wanajua bati langu. Baba Seche aliweka akiba, tukanunua bati kwa Mhindi, na badala ya kuezeka sebule nikasema hapana, chumba cha binti yangu kwanza. Nyumba nzima ni tembe kama za wote, miti na udongo juu, lakini upande wa Sechelela unametameta mpaka abiria wa treni wanaliona. Hakuna mwingine mwenye bati upande huu wa reli isipokuwa mwenye duka na misheni. Jua likizama lilikuwa linatatarika likipoa. Sechelela alisema, "Linaongea." Mimi nilidhani anasifu.

Leo baada ya ibada wanawake wa kanisani walikuja kunywa chai kwangu. Na wifi alikuja, mara ya kwanza tangu anune, nadhani hamu ya kuliona bati ilizidi kununa. Nikawapanga wote chini ya ukuta wa chumba kile, walione vizuri. Nilikuwa ndiyo kwanza naeleza misumari yake ilivyopigiliwa wakati matone ya kwanza yalipodondoka.

Udongo wa tembe hupokea mvua bila sauti. Wazee wetu waliishi chini yake vizazi na vizazi, mvua kubwa ikanyesha na mtoto asiamke. Bati si hivyo. Bati lilipiga kelele kama treni ya mizigo inayopita kichwani. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilicheka kwa sauti na kuinua mikono, kana kwamba ni mimi niliyeleta mvua na muziki wake.

Nilipogeuka, kata ilikuwa imetundikwa mlangoni.

Sijui ilikuwa pale kwa muda gani.

Nikaweka birika chini. Wifi akaniuliza, "Unakwenda wapi, chai inapoa?" Nikasema, "Kata iko juu," nikaingia.

Alikuwa pembeni, magoti kifuani, anajipiga paji la uso kwa kiganja. Maneno hakuna. Sikumgusa. Nilichukua ngozi ya ng'ombe, nikaiweka mbele yake, nikarudi nyuma. Mikono yangu ilikuwa inataka kumshika, nikaifunga kwenye kanga. Alipojifunika, nikatangulia kuelekea upande wa zamani, kwenye ghala la mtama chini ya paa la udongo, nikaenda polepole bila kutazama nyuma. Nikasikia ngozi inaburuzika nyuma yangu.

Mle ghalani mvua haikuwa na sauti. Nilikaa kati yake na mlango. Nilisikia kiganja kikipiga, kisha kikapiga mara mojamoja, kisha kikaacha. Nikamwachia muda zaidi.

Likabaki swali.

Mara zote nilisema nitaliuliza, lakini nilikuwa sijawahi kuliuliza. Alilitamka nesi, si mimi. Na sasa wifi alikuwa amesimama mlangoni anatutazama, yeye aliyesema jambo likitajwa limealikwa. Nikajiambia, tulishike upande mmoja.

"Sechelela, unataka kufa?"

Wifi alishika mwimo wa mlango.

"Hapana," akasema Sechelela chini ya ngozi. Kisha akaongeza, "Nilidhani nitataka. Ndiyo maana nikatundika."

Kisha, "Nataka bati linyamaze."

Nikamwambia litanyamaza.

Wanawake kule walikuwa bado wanaimba na kupiga makofi. Wifi akageuka, na mimi nikajua sasa atasema. Akawapigia ukelele mmoja tu: "Nyamazeni huko. Mnakunywa chai au mnapura mtama?" Kukawa kimya. Kisha akaketi pale kizingitini, kwa ubavu, hakumtazama mtu machoni, akakaa nasi mpaka mvua ikaisha. Hakusema hata neno moja. Kwa wifi yangu hiyo ni sadaka kubwa kuliko ya kanisani.

Mvua ilipokatika Sechelela alitoka. Akaitungua kata kwenye kigingi, akaichovya kwenye ndoo niliyokuwa nimeikinga chini ya bati, akaonja.

"Haina chumvi," akasema. Akanipa nami nionje kwa kata yake. Kwa kata yake, mimi. Nilikunywa yote.

Baba Seche amerudi sasa hivi, nimemweleza. Amelitazama bati lake, amenitazama mimi, ameenda kuazima ngazi. Udongo wa kuezekea upo, na mvua imeulainisha. Bati litakwenda kwenye banda la mbuzi, na nimeshawaambia wanawake waliobaki kwamba mbuzi wangu ndio watakuwa mbuzi wa kwanza katika nchi yote ya Ugogo kulala chini ya bati. Wamecheka. Waje tu kuwatazama.

Siku nyingine mbaya itakuja, nesi Damari alinieleza, na mimi si mtoto. Ije. Kigingi kiko mlangoni, hakihamishwi na paa, na swali sasa najua kulitamka.

Jua limezama. Upande wa Sechelela bati linatatarika likipoa, kwa mara ya mwisho.